Povu la plastiki inayooza: maswali tunayoulizwa karakanani Dodoma

Karakana yetu ni chumba kimoja cha bati huku Nzuguni. Tunaoka visahani vya wanga wa muhogo, na kwa mashine ndogo ya parafujo (inayoyeyusha na kusukuma nje kupitia mdomo mwembamba) tuliyoinunua ikiwa imeshatumika tunajaribu povu la plastiki zinazooza. Wanaotutembelea ni wanafunzi wenye mradi wa mwaka wa mwisho, wakulima wa zabibu wanaotafuta kifungashio, na watu waliosikia tu kwamba kuna jamaa wanaoka sahani. Maswali yao yanajirudia, basi tumeyaandika hapa tupumzishe koo. Hayakupangwa kwa umuhimu.

Povu la plastiki ni kitu gani hasa?

Ni plastiki iliyoumuliwa. Aliyewahi kukaanga maandazi anajua nusu ya somo: hamira inatoa gesi, unga uliokandwa unainasa, mafuta ya moto yanagandisha kuta, andazi linabaki na vijumba vya hewa ndani. Kwenye plastiki, gesi huyeyushwa ndani ya plastiki ya moto kwa shinikizo kubwa, kisha shinikizo linaachiwa ghafla. Gesi inakosa pa kukaa, inajitenga, mapovu yanazaliwa kwa maelfu na kukua, halafu ni lazima kuta zigande kabla hayajapasukiana. Aliyefungua soda iliyotikiswa ameona sehemu ya kwanza ya kazi hii. Sehemu ya mwisho, ile ya kuganda, soda haina, ndiyo maana povu lake huzama.

Lile sanduku jeupe la polisterini linalokuja na televisheni, takriban asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 15 hadi 30 tu. Kisahani cha wanga kilichookwa ni kizito zaidi, kwa kawaida kilo 100 hadi 250 kwa mita ya ujazo. Tusidanganyane hapo: anayekuja akitaka wepesi wa polisterini kwenye sahani ya kuokwa ataondoka na manung'uniko.

Mnatumia plastiki ipi? Nimesikia wanga, nimesikia PLA, wengine PBAT.

Wanga ndio wa kwetu. Unatoka kwenye muhogo, mahindi, hata mtama, na unageuka plastiki ukipata maji na joto. Angalia usichanganye wanga na unga wa muhogo: unga una nyuzi na uchafu mwingine, wanga ni ile nyeupe inayotuama chini ya ndoo baada ya kukwangua muhogo, kuukamua na kuuchuja.

PLA, yaani polilaktiki, hutengenezwa kwa sukari ya mimea iliyochachushwa kuwa asidi ya laktiki. Viwanda vyake vikubwa viko mbali na sisi, kama kile cha NatureWorks kule Nebraska, Marekani, na kile cha TotalEnergies Corbion cha Rayong, Thailand. Kwetu inafika kama punje ndani ya mfuko. Huyeyuka kati ya nyuzi 150 na 180 za Selsiasi, na ikipoa ni ngumu, inayovunjika kama glasi.

PBAT ni laini, inanyumbuka kama mfuko wa nailoni. Watu hushtuka wakiambiwa kwamba sehemu kubwa yake hutokana na mafuta ya petroli na bado inaoza. Kuoza kunategemea jinsi molekuli zilivyofungwa, si zilikotoka. Mara nyingi PBAT huchanganywa na PLA ili ukali wa mmoja upozwe na ulaini wa mwenzake. Kuna pia PBS, na kuna PHB inayotengenezwa na bakteria, lakini PHB huyeyuka karibu na nyuzi 175 na huanza kuungua kabla hujamaliza kufurahi. Tuliijaribu mara moja, tukaachana nayo.

Kwa nini kila ukiulizwa jambo unajibu "maji"?

Kwa sababu ndiyo jibu, na tunalirudia kwa sababu watu wanatafuta jibu lenye jina gumu zaidi.

Chukua bisi. Punje nzuri ya bisi ina maji kama asilimia 14. Ukiipasha, yale maji yanalainisha wanga wa ndani na wakati huohuo yanageuka mvuke, lakini ganda limefunga. Kufikia nyuzi 180 hivi, shinikizo la ndani ni kama mara 9 ya lile la hewa ya nje. Ganda linapasuka, mvuke unatoka kwa kishindo, wanga unaumuka, na kwa kuwa maji yameondoka ghafla unapoa na kuganda papo hapo. Punje iliyokauka mno inabaki chini ya sufuria ikiwa ngumu kama kokoto. Hapo ndani mna somo lote la povu la wanga: maji yanalainisha, yanaumua, yakitoka yanagandisha, na yale kidogo yanayosalia ndiyo yanayofanya kitu kisivunjike mkononi.

Sasa angalia kinachowachanganya wanafunzi. Kwenye mashine ya parafujo wanga hutiwa maji kidogo, asilimia 15 hadi 20. Ukizidisha, unalainika kupita kiasi, mvuke unachomoka kwenye kuta zisizo na nguvu, na ule uzi uliotoka mnene mdomoni unasinyaa mbele ya macho yako. Matokeo yake ni povu zito. Ukipunguza mno, msuguano unapanda, mota inalia, na unasikia harufu ya ugali ulioungua. Lakini kwenye kalibu la kuokea rojo ina maji nusu ya uzito wake au zaidi, na hapo ukiongeza maji povu linakuwa jepesi, kwa sababu umetia wanga mchache kwenye kalibu lilelile. Gharama yake ni kuta nyembamba, kisahani dhaifu, na muda mrefu wa kuoka. Alikuja kijana mmoja na makala mbili zinazopingana, moja ikisema maji yanaongeza uzito, nyingine yanapunguza. Zote zilikuwa sahihi. Moja ilihusu parafujo, nyingine kalibu, na yeye alikuwa hajasoma ukurasa wa mbinu.

Ukihamia PLA, yaleyale maji yanageuka adui. Kwenye joto la kuyeyushia, chembe ya maji hukata mnyororo wa molekuli za PLA kama panga linavyokata kamba. Kwa kazi ya kawaida punje hukaushwa hadi maji yawe chini ya asilimia 0.025, na kwa povu tunataka chini ya hapo. Januari moja tuliacha mfuko wazi usiku, mvua ikapiga, asubuhi tukatia punje mashinani bila kuzikausha. Plastiki ilitoka kwenye mdomo wa mashine ikitiririka kama chai. Hakuna gesi inayoweza kunaswa na kitu cha namna hiyo. Tangu siku ile tunakausha kwa nyuzi 80 saa kadhaa, na tunakausha tena hata kama mtu anaapa kwamba jana alikausha.

Na hapa Dodoma jambo hili lina msimu. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na miezi mingine hewa ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Wanga uliopimwa Februari na uliopimwa Septemba, kilo ileile, hazina maji sawa. Ndiyo maana daftari letu lina safu ya mwezi kabla ya safu ya kiongezo.

Fundi, nipe kiongezo kimoja tu nikitie, povu langu lisianguke.

Hakipo. Tueleze kwanza linaangukaje: linazaliwa na mapovu machache makubwa, linaumuka vizuri halafu linasinyaa, au haliumuki kabisa? Hayo ni magonjwa matatu, kila moja na dawa yake, na kwa uzoefu wetu nusu yake hutibiwa kwa kugusa joto au maji bila kununua kitu.

Talki ya nini basi? Naona kila mtu anaitaja.

Talki ni unga laini wa jiwe, na kwenye povu ni mahali pa kuzaliwa mapovu. Gesi iliyoyeyuka haipendi kujitenga katikati ya plastiki safi. Inapenda kuanzia kwenye uso wa kitu kigumu, kwenye mwanya mdogo kati ya chembe na plastiki. Mwaga soda kwenye glasi yenye mikwaruzo uone mapovu yanapopanga foleni. Ukitia talki laini, asilimia 0.5 hadi 5, unazidisha mahali pa kuanzia. Gesi ileile sasa inagawanywa kwa mapovu mengi, kwa hiyo kila moja linakuwa dogo, na povu lenye vijumba vidogo vinavyolingana lina nguvu kuliko lenye mashimo.

Kwa PLA talki ina kazi ya pili: inaharakisha fuwele, yaani molekuli kujipanga kwa safu na kuganda. PLA huganda kifuwele polepole mno, na fuwele chache zikitokea mapema huikaza plastiki iliyoyeyuka na zenyewe huwa mahali pa kuzaliwa mapovu. Fuwele zikizidi, plastiki inakuwa ngumu kabla ya kuumuka na unapata kijiti badala ya povu. Talki ikizidi pia, chembe zinashikana madonge, na donge huzaa shimo.

Wapo wanaotaka kuokoa hela watumie unga mwingine mweupe. Kaboneti ya kalsiamu iliyosagwa laini inafaa. Chokaa ya kupaka ukuta haifai, ina ukali wa alikali unaokata PLA. Chaki ya shule mara nyingi ni jasi, na jasi imebeba maji ndani ya fuwele zake ambayo huyatoa ikipashwa kati ya nyuzi 100 na 150, yaani unakausha punje saa nne halafu unayarudisha maji kwa mlango wa nyuma. Poda ya mtoto ina manukato, iache kwa mtoto. Na vaeni barakoa mnapopima talki; vumbi lake halina faida mapafuni.

Nimefuata joto, nimekausha, nimetia talki. Bado mapovu yanapasukiana. Kwa nini?

Tuingie jikoni tena. Chota uji kwa kijiko ukiinue: unadondoka matone. Chota mlenda: unavutika uzi mrefu usiotaka kukatika. Ukuta wa povu linalokua unavutwa pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo unahitaji plastiki yenye tabia ya mlenda. PLA ya kawaida ni uji. Minyororo yake ni mirefu na iliyonyooka, inateleza mmoja juu ya mwingine, ukuta unakonda, unatoboka, mapovu mawili yanakuwa moja.

Dawa yake ni viunga minyororo. Kinachotajwa zaidi ni Joncryl ya BASF, yenye vikundi vya epoksi vinavyoshika ncha za minyororo na kuziunganisha, hadi minyororo inapata matawi. Asilimia 0.5 hadi 1 inatosha kubadili tabia ya plastiki nzima. Matawi yanasokotana, na sasa inavutika. Inafidia pia sehemu ya uharibifu uliofanywa na maji, lakini usiitumie kama kisingizio cha kutokausha. Ukizidisha, minyororo inafungana kabisa, unapata vidonge visivyoyeyuka na mota inaanza kunguruma.

Kwenye rojo ya wanga tatizo ni lingine: wanga unatuama chini kabla hujamimina. Viwandani hutumia gundi ya guar ili rojo ibaki imesimama. Sisi tulijaribu unga wa mlenda mkavu, ule wa kusagwa unaouzwa sokoni. Wanga haukutuama hata kidogo. Kisahani kilitoka kijani, na mteja wa zabibu akasema hataki zabibu zake zilale kwenye mboga.

Gesi ipi ni bora ya kuumulia?

Kwa wanga, mvuke wa maji yake mwenyewe, tumeshasema.

Kwa PLA viwanda vikubwa hutumia kabonidioksaidi, ambayo ikipita nyuzi 31 na shinikizo la karibu mara 73 ya la hewa inaingia katika hali ya kati ya gesi na kimiminika na kuyeyuka ndani ya plastiki kwa wingi. Povu jepesi la PLA huhitaji kama asilimia 5 hadi 9 ya uzito wake. Zuri la gesi hii ni kwamba inalainisha plastiki yenyewe, kwa hiyo unaweza kushusha joto na plastiki bado inapita. Naitrojeni inayeyuka kidogo sana, ila mapovu yake huwa madogo na mengi. Povu la vijumba vidogo kuliko maikroni 10 lilianza kufanyiwa kazi MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa lengo la kupunguza plastiki bila kupunguza sana nguvu.

Sisi hatuna pampu ya gesi. Tunatumia bikaboneti ya sodiamu pamoja na asidi ya sitriki, vitu vya jikoni hivi. Vikipashwa vinatoa kabonidioksaidi na maji. Umeona tatizo: maji, tena ndani ya PLA ya moto. Ndiyo maana tunatia kidogo, na ndiyo maana povu letu la PLA si jepesi kama la viwandani. Kuna azodikabonamidi, inayotoa gesi nyingi ikifika nyuzi 200 na kidogo, chini ya hapo ikichanganywa na oksidi ya zinki. Hatuigusi. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye plastiki zinazogusa chakula tangu 2005, na joto hilo PLA hailipendi.

Joto liwe nyuzi ngapi?

Kila mtu anataka namba moja. Mashine ina sehemu nne au tano, kila moja na joto lake, na muhimu kuliko zote ni mdomo. Nyuma unataka moto wa kutosha kuyeyusha na kuchanganya. Mbele unataka plastiki ipoe hadi karibu na mahali inapokataa kupita, kwa sababu ikiwa ya moto mno kuta ni laini na gesi inatoroka kupitia ngozi ya nje, na ikiwa baridi mno inaganda kabla haijaumuka. Kati ya makosa hayo mawili kuna dirisha, na kwa PLA dirisha lenyewe ni jembamba. Tunashusha mdomo kwa nyuzi 2 au 3 kila mara, tunasubiri, tunakata kipande, tunapima. Kijana anayeshusha nyuzi 20 kwa mkupuo analiruka dirisha bila kujua kwamba lilikuwapo.

Shinikizo nalo halihesabiki kwa ukubwa tu. Kasi ya kushuka kwake ina neno kubwa. Mdomo mfupi mwembamba unalishusha ghafla, mapovu mengi yanazaliwa kwa pamoja. Mdomo mrefu unalishusha taratibu, yaliyotangulia kuzaliwa yanakua na kunyonya gesi ya wenzao, na mwishowe una mapovu machache manene yaliyoshiba.

Kuongeza mwendo wa parafujo kunapandisha shinikizo, vizuri, lakini kunaongeza msuguano, na msuguano ni joto ambalo kipimo cha ukutani hakilioni mara moja. Kwa wanga pia unasaga molekuli zenyewe, ile sehemu kubwa yenye matawi inakatikakatika, na povu linakuwa dhaifu na linayeyuka upesi likilowa.

Kwenye kalibu la kuokea ni rahisi zaidi: nyuzi 180 hadi 220, dakika mbili tatu, na matundu madogo ya kutolea mvuke. Matundu yakiziba kalibu linatema rojo nje, na utalifuta dari kama tulivyolifuta sisi. Kidogo cha stearati ya magnesiamu kinazuia kisahani kisigande kwenye chuma.

Dodoma iko juu. Mwinuko hauathiri?

Kidogo. Tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 96, na hewa inakandamiza pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Ndani ya kalibu lililofungwa mvuke unajitengenezea shinikizo lake mwenyewe, hautofautishi Nzuguni na Kariakoo. Msilaumu mwinuko.

Tuna mabua ya mtama, maganda ya karanga, mashudu ya zabibu. Vinaingia?

Vinaingia, na kila kimoja kina tabia yake. Nyuzi za mabua zikikatwa fupi na kuoshwa zinashikilia kuta, kisahani kinakataa kupasuka kwa urahisi. Lakini uzi mrefu kuliko kijumba unatoboa ukuta wake na gesi inapitia hapo, kwa hiyo nguvu inapanda na uumukaji unashuka. Tunaona faida kwa kiasi kidogo. Ukifika mahali rojo inakataa kumiminika umeshapita.

Maganda ya karanga yaliyosagwa ni kijazio zaidi kuliko nguzo. Yanapunguza wanga unaohitajika na yanatoa rangi ya udongo ambayo wengine wanaipenda. Mashudu ya zabibu, kwa kuwa mvinyo ni wa huku kwetu, kila mtu anayataja. Yana sukari iliyobaki, na sukari kwenye chuma cha nyuzi 200 inaungua na kunata. Yaoshwe, yakaushwe, yasagwe, mbegu ziondolewe. Binafsi naona ni kazi nyingi kwa rangi ya zambarau tu, ingawa mwenzangu hakubaliani nami na ana ndoo nzima pembeni.

Gliserini siyo taka, ila niiseme hapahapa. Inalainisha wanga na kumnyima mtu kisahani kinachokatika. Ikizidi, inashikilia maji yasitoke haraka, kuta hazigandi, povu linakuwa zito na baadaye linavuta unyevu wa hewani hadi linanata.

Visahani nilivyochukua vilivunjika kabla sijavitumia. Vingine nilipeleka Dar vikalegea kama mkate uliochovywa.

Ni tatizo moja lenye sura mbili. Kisahani kinapotoka kwenye kalibu kina maji asilimia 2 hadi 4 tu, na hapo ni kikavu kama biskuti. Kinahitaji kurudishiwa unyevu hadi kwenye asilimia 8 au 10 ndipo kinyumbuke. Kwenye hewa yenye unyevu hujinywea chenyewe. Dodoma ya Agosti haina cha kumnywesha mtu, sembuse sahani, kwa hiyo tunavilaza kwenye sanduku lililofungwa lenye beseni la maji. Mama mmoja wa chipsi pale Majengo alivichukua vikiwa vibichi kutoka kwenye moto kwa sababu ya haraka, robo ikavunjika njiani.

Kule Pwani kisahani kinakunywa unyevu kupita kiasi, na wanga ukilowa unalainika. Dawa tunayoipenda ni nta ya nyuki. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kanda hii ya kati ina wafugaji wengi wa nyuki, na tabaka jembamba linawapa zabibu muda wa kufika sokoni. Chakula cha moto kinaiyeyusha, kwa hiyo kwa chipsi haifai. Wengine huchanganya pombe ya polivinili kwenye rojo ili kisahani kivumilie maji na kukunjwa, nayo inasaidia kweli, ila huoza kwa shida pasipo bakteria wanaoijua.

Nitapimaje ubora bila maabara?

Uzito kwa ujazo ndio kipimo cha kwanza. Mizani ya jikoni inakupa uzito. Ujazo usiutafute kwa maji, kisahani kitayanywa. Tumia uwele. Jaza chombo uwele hadi ukingoni, kwangua juu kwa rula, umwage pembeni. Weka kipande chako ndani, rudisha uwele, kwangua tena. Uwele uliobaki nje, upimwe kwenye kikombe chenye alama, ndio ujazo wa kipande. Waokaji mikate hupima hivyohivyo kwa mbegu ndogo. Mgogo yeyote anao uwele ndani.

Kisha kata kipande kwa wembe mpya, kipige picha kwa simu ukiweka rula pembeni, hesabu vijumba ndani ya sentimita moja ya mraba. Ngozi ya nje itakuwa nzito na vijumba vidogo, katikati vikubwa, hilo ni kawaida kwa kitu kilichookwa.

Vinaoza kweli? Au ni biashara tu?

Kisahani cha wanga ukikifukia kwenye tuta la mchicha linalomwagiliwa hukikuti baada ya wiki kadhaa. Ukikifukia Septemba kwenye udongo mkavu hutakikuta kimebadilika sana, kwa sababu vijidudu navyo vinahitaji maji. Tulisema maji ndiyo jibu.

PLA ni habari nyingine. Inahitaji joto la mboji ya viwandani, karibu nyuzi 58, pamoja na unyevu. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kaboni yake igeuke kabonidioksaidi ndani ya miezi 6 katika mazingira hayo. Ukiitupa kando ya barabara ya Kongwa itakaa miaka. Povu lina nafuu kidogo kwa kuwa kuta ni nyembamba na vijidudu vina uso mkubwa wa kushambulia, lakini fuwele zilezile tulizozitafuta kwa talki zinachelewesha kuoza.

Plastiki zilizotiwa dawa ya kuzivunjavunja juani, zile zinazoitwa za okso, hazimo kwenye kundi hili. Zinakuwa vipande vidogo, basi.

Na ile marufuku ya mifuko?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Visahani ni bidhaa nyingine. Kabla ya kuuza kitu kinachogusa chakula nenda NEMC (baraza la mazingira) na TBS (shirika la viwango) uulize kwa bidhaa yako mwenyewe, usitegemee ukurasa wa fundi.

Mbuzi wakila je?

Wanakula, tena kwa furaha. Wanga, nta, mabua, tumbo la mbuzi halina ugomvi navyo. Chenye PLA au PBAT usimwachie. Kuhusu vile vya wanga mtupu tuna ushahidi: sampuli zote za Machi, tulizozianika nje tuzipime baada ya miezi sita, mbuzi wa jirani alizimaliza siku ya tatu. Sasa sampuli mpya zinakaa juu ya kabati.